Kikombe au Chupa? Historia Fupi ya Kumlisha Mtoto Mchanga na Njiti

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, wewe unayeuza maziwa unajua kuwa dumu la mdomo mwembamba huchachusha maziwa haraka, maana mkono haufiki ndani. Sufuria unaisugua mpaka ing'ae. Kwa mtoto mchanga ni hivyo hivyo.

Mwaka 1939 Dk. Cicely Williams, aliyekuwa ameeleza ugonjwa wa kwashiakoo huko Ghana ya leo, alihutubia Singapore. Alilaani matangazo yaliyowashawishi akina mama waache kunyonyesha na kununua maziwa ya kopo. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuharisha na utapiamlo. Maji yalikuwa machafu, chupa hazikuoshwa vizuri, na maziwa yalizimuliwa ili kopo lidumu.

Mei 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni ya kimataifa dhidi ya matangazo hayo. Inagusa maziwa ya kopo, pia chupa na chuchu zake. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Kwa hiyo mwenye duka, usizipigie debe wala kuzitolea punguzo.

Lakini njiti asiyeweza kunyonya afanyweje? Jirani zetu walionyesha njia. Miaka ya 1980, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, iliwalisha njiti maziwa yaliyokamuliwa na mama zao, kwanza kwa mrija, kisha kwa kikombe bila chupa. Dk. Rachel Musoke aliandika juu yake mwaka 1990. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kikombe au kijiko kwa mtoto mwenye uzito mdogo asiyeweza kunyonya.

Kikombe nacho kina kasoro: maziwa humwagika. Utafiti wa Australia wa mwaka 2004 ulionyesha njiti wa kikombe walikaa hospitali siku nyingi zaidi, ila wengi wao waliondoka wakiwa bado wananyonya maziwa ya mama tu.

Ukishafundishwa na mhudumu, fanya hivi:

1. Nawa mikono. Osha kikombe kidogo kwa sabuni, kisha kichemshe.
2. Mpakate mtoto akiwa macho, ameketi nusu wima.
3. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu.
4. Usimmiminie, atapaliwa. Njiti hulamba kwa ulimi. Mwache aende kwa mwendo wake na apumzike.

Mama anayekwenda shamba la viazi akamwacha mtoto kwa bibi, amwachie maziwa aliyokamua na kikombe, na bibi afundishwe pia. Titi linabaki la kwanza. Mtoto akikataa kula, akipoa mwili au akipumua kwa shida, usingoje kesho. Mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike vizuri maana baridi yetu ya Kilolo unaijua, na umwahishe kituo cha afya.