Wazee, kutafuna si kupumzika

Kila nikishuka Mombasa kutoka Embu ninakofanya kazi, wazee wa barazani huniuliza kwanza bei ya muguka, kisha ndipo hunieleza habari za presha zao. Wengi wameambiwa na daktari wapunguze fikra na wapumzike, nao hupumzika kwa kutafuna.

Muguka wa Mbeere, kule Embu, na miraa ya Igembe, kule Meru, ni mmea mmoja. Majani mabichi yana kemikali iitwayo kathinoni, inayoukimbiza moyo na kuibana mishipa ya damu. Hupotea upesi majani yakinyauka, ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari yake hayajui breki. Mtafunaji hujihisi ametulia, kumbe presha inapanda. Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Ya mahakama ni ya mahakama. Mshipa wa mzee haungoji hukumu.

Kupumzika kunakoshusha presha huanza na pumzi. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Hizo ni kama pumzi sita kwa dakika. Fanya dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Mwaka 2001 watafiti wa Pavia, Italia, waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini, wakakuta pumzi zao zimeshuka zenyewe hadi karibu hizo sita. Basi nyanya wa Kimeru na rozari yake ameshaijua njia; na tasbihi ikivutwa bila haraka, sioni kwa nini isifanye vivyo hivyo.

Njia nyingine ni ya daktari Mmarekani, Edmund Jacobson: kaza misuli ya miguu sekunde chache, iachilie, kisha panda hivyo hivyo hadi usoni. Usizuie pumzi unapokaza, maana kujikamua hupandisha presha. Ukimaliza usisimame ghafla, hasa ikiwa unameza dawa, kizunguzungu kitakuangusha.

Yote haya hushusha alama chache tu, kwa hivyo vidonge haviachwi ila kwa idhini ya daktari. Kabla ya kupima, keti kimya dakika tano, na nusu saa nyuma usiwe umetafuna wala kunywa kahawa. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia, ni presha. Kifua kikibana, upande mmoja ukilegea au ulimi ukiwa mzito, usikae kuhesabu pumzi: kimbilia hospitali.