Marehemu Mohamed Amin na Safari ya Kamera

Watu wengi huitazama picha ya televisheni, na wachache huuliza namna ilivyopatikana. Kisa cha marehemu Mohamed Amin, Mwislamu wa Afrika Mashariki aliyeishika kamera kwa zaidi ya miaka thelathini, chatosha kuonyesha jinsi vyombo vya kazi hiyo vilivyogeuka, na ni jambo gani ambalo halikugeuka.

Mohamed Amin alizaliwa mwaka 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Baba yake, mwenye asili ya Punjab, alikuwa mtumishi wa reli. Kijana alikulia Dar es Salaam, na huko, angali mwanafunzi, akajipatia kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake, Camerapix, naye hajatimiza umri wa miaka ishirini na moja.

Siku zile picha za habari zilipigwa kwa filamu ya milimita 16. Kamera nyingi zilitiwa ufunguo kama saa, na mkanda wa futi 100 ulikwisha kwa muda usiofika dakika tatu. Kwa hiyo mpiga picha alilazimika kufikiri kabla ya kubonyeza, maana kila futi ilikuwa na bei yake. Kisha mkanda ule, ambao hata mwenyewe hakuweza kuutazama, ulifungwa, ukapelekwa kiwanja cha ndege, ukasafiri hadi Ulaya, ukasafishwa kwa dawa, ukakatwa na kuungwa, ndipo ukaonyeshwa. Ndege ikichelewa, habari ilichakaa. Katika zama hizo Mohamed Amin aliyapiga picha Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wala kazi haikuwa salama, kwani mwaka 1966 alitiwa gerezani huko Zanzibar kwa muda wa karibu mwezi mmoja.

Mwaka 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa nchini Kenya, na safari ya siku nzima ikawa ya dakika chache. Baadaye yakaja mageuzi ya pili. Filamu ikaanza kuiachia nafasi kaseti ya video, isiyohitaji dawa wala chumba cha giza. Mwanzoni kamera iliunganishwa kwa waya na mashine nzito ya kurekodia, iliyobebwa na mtu wa pili. Kuanzia mwaka 1982, kwa kutokea Betacam ya Sony, kamera na mashine yake vikawa kitu kimoja kinachochukuliwa begani. Mpiga picha sasa aliweza kuitazama kazi yake palepale, na kuirudia iliyoharibika.

Lakini asidhani msomaji kwamba wepesi wa vyombo ndio uliofanya kazi yote. Mohamed Amin alipoutayarisha msahafu wa picha za Hija, uliotoka mwaka 1978 kwa jina Pilgrimage to Mecca, kilichomfikisha ni subira na ruhusa aliyoitafuta. Na Oktoba 1984 alipofika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, njaa ilikuwa imekwisha kuwapo kwa miezi mingi. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda, akasimama mbele ya wenye njaa bila kugeuza uso. Picha zile zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, zikaenea katika nchi nyingi, na misaada ikamiminika. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia kwa ajili ya watu wale.

Mwezi wa Juni 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, mwenzake mrekodi sauti, John Mathai, alifariki, naye Mohamed Amin akapoteza mkono wa kushoto. Akafungwa mkono wa bandia, akarejea kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyopanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, naye akiwa mmojawapo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nayo ajali ile ilinaswa na mtalii aliyekuwa ufukweni na kamera yake ndogo ya video. Basi chombo kilichokuwa cha wachache kilikwisha kufika mikononi mwa kila mtu.

Leo simu ya mfukoni hupiga picha kwa saa nzima bila gharama, na kuzipeleka dunia nzima kwa dakika moja. Upungufu uliopo ni wa kufikiri kabla ya kubonyeza, na wa kuhifadhi baada yake. Maktaba ya Mohamed Amin imetunzwa na mwanawe Salim na wenzake, na maelfu ya picha zake sasa yanatazamwa kwenye intaneti. Lakini kaseti za video za maulidi, za harusi na za mawaidha ya masheikh waliotangulia zimo masandukuni mwa nyumba nyingi, zikiliwa na unyevu, hali mashine za kuzichezea zimeacha kutengenezwa tangu mwaka 2016. Mwenye kaseti na aitoe inakiliwe ingali nzima. Sauti ya mzee ni amana, na amana hurudishwa kwa watoto wake.