Sarafu za kidijitali: anayeanza ajue njia ya kutoka kabla ya kuingia

Mkaazi wa Miritini hahitaji kuelezwa kwamba kuingiza na kutoa ni mambo mawili. Kontena likishateremshwa kwenye bohari halitoki getini mpaka karatasi zikamilike, na kila siku ya kungoja ina malipo yake. Biashara ya sarafu za kidijitali ina mwendo kama huo. Kununua Bitcoin kwa simu ni kazi ya dakika chache. Swali la kujiuliza kabla ya kutuma hata shilingi moja ni hili: nikiitaka pesa yangu leo jioni, itarudi M-Pesa kwa njia gani, na itakuwa imebaki kiasi gani?

Makala haya ni ya mtu ambaye hajawahi kununua sarafu hizi hata kidogo, lakini husikia habari zake kila siku kituo cha bodaboda, kwenye matatu za kwenda mjini, au kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama. Hayamwambii anunue wala asinunue. Yanamweleza mambo ya kujua kwanza.

Sarafu hizi ni nini

Bitcoin ndiyo ya kwanza. Waraka wa kuieleza ulitolewa Oktoba 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, na mtandao wake ukaanza kazi tarehe 3 Januari 2009. Haina benki kuu nyuma yake. Miamala yote huandikwa katika daftari moja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na kanuni yake inasema Bitcoin hazitazidi milioni 21. Kila moja hugawanywa vipande milioni 100 viitwavyo satoshi, ndiyo maana mtu anaweza kununua ya shilingi 500 tu. Baada yake zikaja nyingine, kama vile Ether ya mtandao wa Ethereum ulioanza 2015. Leo ziko maelfu, na nyingi hazina thamani yoyote.

Kundi jingine ni sarafu zilizofungwa kwa dola, kama USDT na USDC. Moja hukusudiwa kuwa sawa na dola 1. Wakenya wengi huanzia hapa: hununua USDT kwa shilingi, kisha hutumia USDT kununua nyingine. Lakini huko kufungwa kwa dola ni ahadi ya mwenye sarafu. Mei 2022, sarafu ya UST ya mtandao wa Terra, iliyokuwa na ahadi hiyo hiyo, iliporomoka kwa siku chache na haikuinuka tena.

Bei za sarafu zisizofungwa kwa dola hupanda na kushuka vibaya. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmodi baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Aliyeingiza shilingi 10,000 kule juu alibaki na kama 2,300 kwa hesabu ya dola. Bei hiyo ya juu haikufikiwa tena mpaka Machi 2024. Aliyekuwa na subira na asiyekuwa na shida ya pesa alingoja miaka miwili na zaidi. Aliyeingiza karo ya mtoto hakuweza kungoja; aliuza kwa hasara Januari shule zilipofunguliwa.

Sheria ya Kenya inasema nini

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa ilani kwamba sarafu hizi si pesa halali za nchi, na kwamba jukwaa likianguka mteja hana kinga. Kwa miaka mingi hali ilibaki hivyo: hazikukatazwa, wala hazikuwa na msimamizi.

Mambo yalibadilika 2025. Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ilitiwa saini Oktoba mwaka huo na ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba. Wasimamizi ni wawili: Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Katika tangazo lao la pamoja la mwezi huo walisema hawajampa yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Kwa hivyo ukiambiwa kampuni fulani "ina leseni ya serikali", usitazame cheti kilichotumwa kwa WhatsApp. Tafuta jina lake kwa wasimamizi wenyewe.

Kodi nayo imebadilika. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 kulikuwa na kodi ya asilimia 3 kwa thamani ya muamala. Sheria ya Fedha ya 2025 iliiondoa, na badala yake ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada anayotoza mtoa huduma. Ukitozwa ada ya shilingi 20, ushuru ni shilingi 2. Hilo halifuti kodi ya mapato kwa anayepata faida, basi weka kumbukumbu ya kila unachonunua na kuuza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo jingine la kukumbuka: akiba ya benki ina bima ya Shirika la Bima ya Amana la Kenya hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja, benki ikifilisika. Sarafu zako hazina bima hiyo.

Hesabu ya kwenda na kurudi

Wengi wanaoanza huangalia bei ikipanda, hawaangalii gharama za njiani. Tuchukue mfano. Una shilingi 2,000. Muuzaji anakuuzia USDT kwa shilingi 131 kila moja, unapata 15.27. Saa hiyo hiyo unaamua kuziuza, na mnunuzi anatoa shilingi 127. Unarudi na shilingi 1,939. Umepoteza 61 na bei haijasogea popote, kabla hata ya ada ya M-Pesa na ada ya jukwaa. Maana yake, kwa bei hizo unahitaji faida ya zaidi ya asilimia 3 ili urudi ulipoanzia. Anayenunua na kuuza mara kumi kwa wiki hulipa tofauti hiyo na ada zake mara kumi.

Hatua za mwanzo

Moja. Tenga pesa ambazo zikipotea zote, nyumba haitetereki. Isiwe kodi ya nyumba, karo, pesa ya chama, wala mkopo wa simu. Kwa kibarua wa bohari hiyo inaweza kuwa shilingi 1,000, nayo inatosha kujifunzia.

Mbili. Fungua akaunti kwa jina lako la kitambulisho na laini yako mwenyewe. Nenosiri liwe la akaunti hiyo peke yake. Washa uthibitisho wa pili kupitia programu ya simu, maana namba zinazokuja kwa ujumbe mfupi huweza kuibwa mtu akibadilishiwa laini yake bila kujua.

Tatu. Nunua kidogo. Njia iliyozoeleka Kenya ni ya mtu kwa mtu: jukwaa huzishika sarafu za muuzaji kama amana, wewe humtumia shilingi kwa M-Pesa, naye akishazipata huziachilia. Chagua mwenye miamala mingi iliyokamilika. Jina litakalotokea M-Pesa lazima lifanane na jina lake kwenye jukwaa. Mkifanya biashara nje ya jukwaa, hakuna atakayeshika amana yako.

Nne, na hii ndiyo hatua kubwa. Kabla ya kuongeza pesa, uza ulichonunua na urudishe shilingi kwenye M-Pesa yako. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiachilie sarafu kwa kuona ujumbe tu, kwa sababu ujumbe hughushiwa. Angalia salio lako. Kama pesa imetoka kwa jina lisilo la mnunuzi, usiipokee kama malipo. Piga ripoti kwa jukwaa. Huenda imeibwa kwa mtu mwingine, naye akiomba irudishwe laini yako ndiyo itakayoulizwa.

Tano. Andika daftarini: zilizoingia, zilizotoka, ada, tofauti. Ukishafanya safari hii mara mbili au tatu bila kukwama, ndipo ufikirie kununua na kukaa nazo.

Sita. Kaa mbali na biashara ya kukopeshwa na jukwaa. Ukiweka shilingi 1,000 na jukwaa likakuruhusu kufanya biashara ya 10,000, bei ikishuka asilimia 10 tu, elfu yako yote imekwenda. Bitcoin huweza kushuka kiasi hicho kwa siku moja.

Pochi na maneno ya siri

Sarafu zikiwa kwenye jukwaa, mwenye kuzishika ni jukwaa. Novemba 2022 jukwaa la FTX, lililokuwa miongoni mwa makubwa duniani, lilifilisika, na wateja wakakuta mlango wa kutolea pesa umefungwa. Ndiyo sababu wanaokaa na sarafu kwa muda mrefu huzihamishia kwenye pochi yao wenyewe.

Pochi hiyo hufunguliwa kwa maneno 12 au 24 ya siri. Yaandike kwenye karatasi na uyatunze kama hati ya shamba. Usiyapige picha, usiyatume kwa yeyote. Ukiyapoteza na simu ikiharibika, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mtu yeyote anayekuuliza maneno hayo, hata akijiita huduma kwa wateja, ni mwizi.

Unapohamisha, hakikisha mtandao ni ule ule pande zote mbili. USDT husafiri kwa mitandao kadhaa, ikiwemo Tron na Ethereum, na ukikosea huenda usizipate tena. Tuma kidogo kwanza, kikifika ndipo utume kilichobaki.

Je, ni halali?

Swali hili huulizwa sana Pwani, na wanavyuoni hawajaafikiana. Mwanzoni mwa 2018 Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuikataza biashara ya Bitcoin kwa sababu ya udanganyifu na kutojulikana kwake. Wako wengine wanaoiona kama mali inayoweza kuuzwa na kununuliwa kwa masharti. Biashara ya kukopeshwa yenye riba, na ile ya kubahatisha bei kwa dakika, ina pingamizi zaidi. Mwulize sheikh unayemwamini, na umweleze hasa unataka kufanya nini, kwa sababu jawabu la kununua na kuweka huenda lisiwe jawabu la kukopa na kubahatisha.

Penye mtego

Wakenya wengi walisikia sarafu hizi kwa mara ya kwanza 2023, watu walipopanga foleni KICC jijini Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, kwa sarafu zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti. Tangu hapo neno "kripto" limekuwa mtaji wa matapeli pia.

Tazama mifano ya jirani. OneCoin, iliyoanzishwa 2014 na Ruja Ignatova, ilifika mpaka vijijini Uganda. Waliojiunga waliona namba zikipanda kwenye skrini, lakini hapakuwa na soko la kweli la kuziuza. Mama huyo alitoweka Oktoba 2017. Mwaka wa 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi zake Uganda na kuwaacha walioweka pesa nje ya mlango. Aprili 2025 jukwaa la CBEX liliwazuia wateja nchini Nigeria kutoa pesa zao.

Mitego hii hufanana: faida ya kila siku isiyopungua, malipo kwa kuleta watu, haraka ya "nafasi zinaisha", na kijana mcheshi asiyeonyesha uso. Aghalabu huruhusu utoe kidogo mwanzoni, shilingi 500 au 1,000, ili umwamini na uwalete ndugu zako. Baadaye ukitaka kutoa nyingi unaambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia". Hapo simama. Soko la kweli hukata ada yake kwenye salio lako, halikuombi utume pesa mpya ndipo likupe zako.

Chama kikiletewa mpango kama huo, mweka hazina aulize mbele ya wanachama wote: leseni iko wapi, faida inatoka wapi, na tukitaka zote Ijumaa tutazipata? Aulize kwa upole, lakini asipitishe pesa mpaka ajibiwe. Pesa ya chama ni ya watu ishirini, na hasara yake huvunja ujirani pamoja na mfuko.

Ukiwa tayari umetapeliwa, usione haya ukanyamaza. Tunza picha za mazungumzo, namba za simu na ujumbe wa M-Pesa. Iarifu kampuni ya simu mara moja, ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB, na upige simu ya bure ya DCI, 0800 722 203. Kisha waonye waliojiunga kupitia kwako. Na jihadhari na atakayekuja siku chache baadaye kukuahidi kurudisha pesa zako kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni wale wale.