Barua za Sayyida Salme

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Aliondoka kwao mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akafa Ujerumani mwaka 1924.

Miongoni mwa karatasi alizoacha zilikuwamo barua ndefu za maisha ya ugenini. Ngapi za babu zetu zimeliwa na mchwa sandukuni! Watoto wake walizihifadhi. Mwanawe Rudolph akaikabidhi hazina ya ukoo kwa taasisi ya Leiden, Uholanzi. Wapi Unguja, wapi Leiden! Hata hivyo, mwaka 1993 zilichapishwa kwa Kiingereza, miaka 69 baada ya kifo chake.