Ziwa Halina Mpaka: Historia Fupi ya Uvuvi Bujumbura

Ukisimama ufukweni mwa Bujumbura usiku usio na mbalamwezi, utaona taa za wavuvi zikimetameta juu ya Ziwa Tanganyika. Taa hizo huwavuta ndagala, samaki wadogo ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Majina ni mawili, lakini samaki ni walewale, nao huvuka mipaka bila kuuliza ruhusa.

Katika miaka ya 1950, mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Usumbura, wavuvi wa Kigiriki walianzisha uvuvi wa kibiashara kwa meli za injini na nyavu kubwa za kuzungushia. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba ziwa lenye kina cha mita zipatazo 1,470 haliwezi kuishiwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, uvuvi huo ulikuwa umedidimia. Tena, mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba ongezeko la joto huzuia maji ya juu yasichanganyike na ya chini yenye rutuba, na hivyo chakula cha samaki hupungua.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyozaliwa na mkataba huo, ina makao yake makuu hapa Bujumbura. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, toka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane.

Miezi mitatu si michache kwa mtu asiye na akiba. Mvuvi anayetii sheria huku mwenzake akivua kwa siri amepata hasara mara mbili: leo amekosa kitoweo, na kesho hatakuta samaki. Ndiyo maana sheria ya ziwa haina nguvu mpaka iwe ahadi ya wote.

Wajibu huo si wa wavuvi peke yao. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inalinda ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa ziwa. Kiboko hutoka majini usiku kula majani katika ukanda huo. Tukijenga humo, kisha tukamkuta mlangoni, je, nani amemvamia mwenzake? Vivyo hivyo, chupa ya plastiki iliyotupwa mtaroni Buyenzi husukumwa na mvua hadi Ntahangwa, kisha ziwani. Anayejitolea kuiokota Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za pamoja, amelitunza ziwa hata kama hajawahi kushika wavu.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Jadili na wenzako: ziwa lisilo na mwenyewe mmoja, daftari lake alishike nani?