Ulaji wa Mafuta: Istilahi ya Gari Mseto la Familia

Mnunuzi wa Toyota Noah akiingia kwenye yadi ya magari, iwe Dar es Salaam au Mombasa, swali lake la kwanza baada ya bei huwa moja: "Hii inakula mafuta kiasi gani?" Muuzaji humjibu kwa kilomita: "Lita moja unakwenda kilomita kumi na tano." Jibu hilo limeligeuza swali juu chini. Mnunuzi ameuliza gari linakula nini, naye ameambiwa lita inamfikisha wapi. Tumezoea mazungumzo hayo kiasi kwamba hakuna anayeshtuka, lakini pengo lililopo kati ya swali na jibu lina uzito. Kwa gari la familia la viti saba au vinane lenye mfumo wa haibridi, yaani injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, pengo hilo huficha fedha halisi. Mimi nasimama na mnunuzi. Istilahi yetu iwe ulaji wa mafuta, na kipimo chake kiwe lita kwa kila kilomita 100.

Wapo wanaoandika "uchumi wa mafuta". Hiyo ni Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kiswahili. Msomaji wa Afrika Mashariki akikutana na uchumi wa mafuta atafikiria bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, wala si gari lake lililoegeshwa uani. "Ufanisi wa mafuta" nao una kasoro: mafuta hayana ufanisi wala uzembe, injini ndiyo iliyo navyo. "Ubanaji wa mafuta" ni mzuri masikioni, kwa sababu mafundi na madereva wenyewe husema gari linabana mafuta. Ila ubanaji ni sifa. Unaweza kusema gari hili linabana kuliko lile, lakini huwezi kusema lina ubanaji wa lita sita. "Matumizi ya mafuta" ni sahihi, na katika nyaraka za ofisi sina ugomvi nayo, ingawa ni pana mno: hubeba jenereta, mashine ya kusaga na bajeti ya idara nzima.

Ulaji unabaki. Ni nomino iliyotoka kwenye kitenzi kinachotumiwa barabarani kila siku, inakubali namba, na inaelekea upande mmoja tu: ukiongezeka, mfuko unaumia. Najua neno hili hutumika pia kwa mtu aliyepata cheo chenye masurufu, "kapata ulaji". Likifuatwa na "wa mafuta", hakuna atakayepotea. Kufunga breki hakujawahi kuchanganywa na kufunga Ramadhani.

Sasa kipimo. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu namna watu wanavyodanganywa na maili kwa galoni. Kilomita kwa lita ni kipimo cha aina ileile, na udanganyifu wake ni uleule. Chukua gari dogo linalokwenda kilomita 16 kwa lita, mwenyewe akalibadilisha kwa linalokwenda 24. Jirani yake ana gari kubwa la familia la kilomita 8 kwa lita, akachukua la 12. Wa kwanza amepata kilomita nane zaidi, wa pili nne tu, na karibu kila mtu atampongeza wa kwanza. Geuza hesabu iwe ya ulaji. Gari dogo limeshuka kutoka lita 6.25 hadi 4.2 kwa kilomita 100: ameokoa lita mbili. Gari la familia limeshuka kutoka lita 12.5 hadi 8.3: zaidi ya lita nne. Aliyepuuzwa ameokoa mara mbili.

Hapo ndipo haibridi ya familia inapopata haki yake. Watu wengi hudhani teknolojia hii ni ya vigari vidogo kama Prius, kwa kuwa ndivyo vyenye namba za kuvutia. Lakini chombo kizito kinachobeba watoto, bibi, mizigo ya sokoni na maji ndicho chenye mafuta mengi ya kuokolewa. Toyota yenyewe haikuchelewa kuliona hilo: Prius ilitoka Japani mwishoni mwa 1997, na Estima ya haibridi, gari kubwa la familia, ikafuata mwaka 2001. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Marekani. Toyota Sienna ya mwaka 2020, yenye injini ya silinda sita inayosukuma magurudumu ya mbele, ilipewa na mamlaka ya mazingira ya huko wastani wa maili 22 kwa galoni. Ya 2021 ikaja kwa haibridi peke yake, ikapewa 36. Kwa ulaji, hizo ni lita 10.7 na lita 6.5 kwa kilomita 100. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka anaokoa kiasi cha lita 630. Sasa hivi lebo za magari mapya ya Marekani huonyesha pia galoni kwa kila maili 100, yaani ulaji, pembeni ya kipimo cha zamani.

Magari mengi yanayoshuka bandarini kwetu yametoka Japani, na humo mna jambo ninalolipenda. Washa Noah iliyotumika, utazame dashibodi: kuna herufi mbili za Kijapani zinazosomwa "nenpi". Ya kwanza ni ya kuungua, ya pili ni ya gharama. Neno lenyewe ni kifupi cha kiwango cha matumizi ya mafuta, kwa hiyo Wajapani nao wana neno la ulaji, ingawa namba iliyo mbele yake huandikwa kwa kilomita kwa lita. Namba hizo zisomwe kwa tahadhari. Noah ya haibridi iliyotoka 2014 ilitangazwa kwa kilomita 23.8 kwa lita, na ile ya petroli tupu ya injini ya lita mbili kwa 16. Vipimo hivyo vilifanywa maabara kwa utaratibu uitwao JC08. Kabla yake ulikuwepo wa 10-15, uliokuwa mpole zaidi kwa gari, na baadaye ukaja WLTC ulio karibu zaidi na barabara. Namba ya utaratibu mmoja hailinganishwi na ya mwingine, na hakuna hata mmoja ulioijua foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni na kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa.

Kuhusu jina la gari lenyewe, mafundi wamekwisha kuamua: haibridi. Katika maandishi napendelea gari mseto, kwa kuwa mseto tunao tayari kwenye serikali ya mseto na kilimo mseto, na mwanzo wake ni jikoni, mchele na choroko katika chungu kimoja. Neno chotara tuliache kwenye mbegu za mahindi. Limewaumiza watu, na halielezi vizuri mashine ambayo sehemu zake mbili, injini ya petroli na mota ya umeme, hubaki kila moja na kazi yake.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaopunguza ulaji. Noah iliyojaa abiria ina uzito unaokaribia tani mbili. Ikikimbia kilomita 50 kwa saa, mwendo wake umebeba nishati ya kilojuli 190 hivi. Injini ya kawaida hugeuza labda asilimia 30 ya nishati ya petroli kuwa mwendo, kwa hiyo kulifikisha gari kwenye kasi hiyo kumegharimu mililita kama 19 za mafuta, zaidi ya kijiko kikubwa cha chakula. Ukikanyaga breki kwenye taa nyekundu, mwendo wote ulionunuliwa kwa kijiko hicho unageuka joto kwenye breki. Tena mbele ya basi lililosimama ghafla, kijiko kingine. Gari mseto huifanya mota kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo, na sehemu ya kijiko hurudi kwenye betri ikiwa umeme wa kuondokea tena. Gari likisimama, injini hujizima. Mjini, faida hii ni kubwa. Kwenye safari ndefu ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambako breki haziguswi mara kwa mara, hupungua sana. Anayeishi barabara kuu asinunue kwa namba za mjini.

Istilahi ya pili inayoambatana na hii ni gharama za uendeshaji. Uendeshaji ni neno lenye mizigo mingi, maana kampuni nayo huendeshwa na mkutano huendeshwa, lakini kwa gari linaeleweka: mafuta, sevisi, matairi, bima na spea. Kwa lugha ya ulaji, hesabu ya mafuta inakuwa nyepesi. Tuseme Noah ya petroli inakula lita 10 kwa kilomita 100 na ya mseto lita 6.5, na lita ni shilingi 3,000 za Tanzania. Kwa kilomita 100, tofauti ni shilingi 10,500. Kwa kilomita 15,000, ni shilingi 1,575,000. EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta Tanzania, ikitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, au mwenzake wa Kenya, EPRA, ikitangaza yake tarehe 14, unabadilisha namba moja tu.

Nje ya mafuta, breki pedi za gari mseto hudumu zaidi kwa sababu mota hufanya sehemu ya kazi yake. Starta ya kawaida na altaneta hazimo katika mfumo wa Toyota, hivyo hazitaharibika. Kinachotisha watu ni betri kubwa, na hofu hiyo ina msingi: gari lililokwisha kutumika miaka minane Japani linaweza kufika hapa na betri iliyochoka, na kuibadilisha kunaweza kumeza akiba ya mwaka mzima au zaidi. Kabla ya kulipa, mlipe fundi mwenye mashine ya kupima aisome hali ya seli moja moja. Baada ya kununua, ulizia tundu la hewa la feni inayopoza betri. Liko ndani ya gari, mahali ambapo vumbi, nywele na makombo ya biskuti za watoto hujikusanya. Likiziba, betri hupata joto na maisha yake hufupika. Kulisafisha kila sevisi ni kazi ndogo, na mwambie fundi kwa mdomo wako, kwa kuwa katika sevisi ya oili na filta za kawaida si rahisi alikumbuke.