Rehani ya Mnazi, Rehani ya Simu

Mamangu alinitumia shilingi 1,500 Jumanne moja, nikiwa stegi ya Kombani nangoja matatu ya Likoni. Simu ikatetema mara mbili. Ujumbe wa kwanza: umepokea 1,500. Wa pili: zote zimekatwa kulipa deni. Kati ya ujumbe mmoja na mwingine hata sikumaliza kusema alhamdulillahi.

Usiku huo nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya kimyakimya. Nikakopa kwengine, kwenye simu hiyo hiyo, nikalipa deni lililobaki. Nikalala kama mtu huru. Baada ya siku tisa nilikuwa nadaiwa pande mbili.

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo hesabu ya benki sikufundishwa na mtu. Lakini nilitaka kujua: huu mchezo wa kuhamisha deni ulianzia wapi, na nani aliwahi kuushinda?

Wazo la kutoa pesa usizokuwa nazo ni la zamani. Mwaka 1728 huko Edinburgh, mfanyabiashara William Hogg alikuwa amebanwa: yeye anadaiwa, na wateja wake bado hawajamlipa. Royal Bank of Scotland ikamruhusu atoe pauni 1,000 zaidi ya zilizokuwamo kwenye akaunti yake. Hiyo ndiyo inayotajwa kuwa ovadrafti ya kwanza. Kadi za mkopo zilikuja baadaye sana. Mwaka 1958 Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa watu wa mji wa Fresno, California, ambao hawakuziomba. Kadi zilipozidi, kampuni zikaanza kunyang'anyana wadaiwa: leta deni lako kwetu, miezi ya mwanzo hutalipa riba. Ndipo mtu wa London au Chicago akaweza kuchukua kadi moja kufunika ovadrafti ya benki nyingine.

Kwetu Matuga, kadi za namna hiyo ni za kuonekana kwa watalii wakielekea Diani. Sisi tulipitia simu. M-Pesa ilianza 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo wa mwezi mmoja kwa ada ya asilimia 7.5, mbali na ushuru wa serikali. Januari 2019 ikaja Fuliza, na hiyo ndiyo ovadrafti yenyewe: unalipa nauli au unga huku salio halitoshi, na pesa inapita.

Sasa piga hesabu nami. Umefuliza 2,000. Unakatwa asilimia moja, yaani shilingi 20. Halafu kila siku, kwa bei zilizopunguzwa Oktoba 2022, shilingi 20 nyingine. Mwezi mzima ni 600. Ukichukua 2,000 hizo hizo M-Shwari, ada ni 150 kwa mwezi. Ukiziingiza M-Pesa, Fuliza inajilipa yenyewe bila kukuuliza. Ukifanya hivyo mapema umeokoa zaidi ya 400. Kwa hivyo wanaosema kukopa ili kulipa deni ni ujinga siku zote hawajapiga hesabu.

Shida haiko kwenye hesabu. Iko kwenye mlango. Deni likishalipwa, ile ovadrafti inafunguka tena palepale, kiwango kile kile, na wewe bado una njaa ile ile.

Nilimweleza Bibi haya yote nyumbani Ng'ombeni, tukikuna nazi. Nilidhani nitamchosha. Akacheka.

"Hilo ni la babangu hilo," akasema. "Ila yeye hakuwa na simu."

Pwani yetu mnazi ni mali peke yake. Mtu anaweza kuwa na mnazi kwenye ardhi isiyo yake, na anaweza kuuweka rehani. Anayekukopesha hakutozi riba, maana riba ni haramu. Anaangua nazi zako tu mpaka utakapomrudishia pesa zake. Babake Bibi aliweka minazi sita kwa jirani, apate pesa za mazishi. Mwaka ukapita, hana cha kulipa. Akaenda kwa mtu wa pili, ambaye alimlipa yule wa kwanza na kumwongeza kidogo mkononi. Mtu wa pili akataka minazi kumi.

"Watu wakampongeza kwamba amemaliza deni," Bibi akasema. "Deni halikuisha. Lilihama tu, tena likahamia nyumba kubwa zaidi."

Hilo halikuwa la babu yangu peke yake. Katika karne ya 19, Zanzibar na pwani nzima ilijua bei ya khiyari. Mwenye shamba anamuuzia mkopeshaji shamba lake, akibakiwa na haki ya kulikomboa kwa muda waliokubaliana. Wakati huohuo analikodi shamba lake mwenyewe. Kwenye karatasi hakuna riba, kuna kodi. Wengi walikopa tena ili wakomboe, na mashamba yakaenda. Mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ilibidi itunge sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasichukuliwe kwa madeni. Upande wetu wa Kenya, wakoloni walikwenda njia nyingine: sheria ya 1948 ilimzuia Mwafrika kukopeshwa zaidi ya shilingi 200 bila kibali. Zanzibar walilinda shamba, Kenya wakamfunga mkopaji mikono. Leo hakuna anayekufunga. Kiwango kinapandishwa ukiwa umelala.

Nikamuuliza Bibi babake alitokaje. Akaniambia alimaliza mwaka ambao alikubali kutopanda juu ya ile minazi kumi, hata nazi ya mchuzi. Awali alikuwa akiiba nazi zake mwenyewe usiku, na kila alipokamatwa deni likaongezwa. Akaamua kununua nazi sokoni kama mtu asiye na shamba, akafanya vibarua, akalipa.

Kisha akaacha kukuna. "Unadaiwa ngapi?"

Nikamwambia. Elfu nane na ushee.

"Ile minne ya karibu na kisima," akasema, "naweza kuiweka kwa mtu. Nikulipie, upumue."

Nilikaa kimya muda mrefu, na naona haya kusema kwamba nilifikiria. Ningelipa zote jioni ile. Halafu mlango ungefunguka, na nazi za Bibi zingekuwa zinaanguliwa na mtu mwingine.

"La, Bibi," nikasema. "Iache."

Nilihamisha deni mara moja zaidi, kutoka la kila siku kwenda la mwezi, kwa sababu hesabu ni hesabu. Lakini safari hii, ile ovadrafti ilipofika sufuri, nilijiondoa kabisa kabla sijatoka kwenye ukurasa ule wa simu. Siku zilizofuata nilitembea kwa miguu kutoka Kombani hadi nyumbani mara tatu, jua la saa nane.

Malipo ya makala haya yana mwenyewe tayari. Yakiingia, simu itatetema mara moja, na mimi ndiye nitakayeyapeleka kwa mkopeshaji, kwa mkono wangu.